Poseidon ya 1972 na Poseidon ya 2006: kama una muda wa moja tu, uangalie ipi?

Stori kwa ufupi ni ileile. Usiku wa kuamkia mwaka mpya meli kubwa ya abiria inapigwa na wimbi, inapinduka miguu juu kichwa chini, watu waliokuwa ukumbini wanakula na kucheza muziki wanajikuta wamesimama kwenye dari, na kikundi kidogo kinagoma kukaa kusubiri kuokolewa, kinaanza kupanda kuelekea kwenye kitako cha meli kwasababu kitako sasa ndo kiko juu. The Poseidon Adventure ilitoka 1972, dairekta ni Ronald Neame, prodyuza Irwin Allen, imetokana na riwaya ya Paul Gallico ya 1969. Poseidon tupu, bila Adventure, ilitoka 2006 na dairekta wake ni Wolfgang Petersen. Ya kwanza ina dakika 117, ya pili 98 tu na hapo yale majina ya mwisho yamo ndani. Mtu akinibana nijibu haraka nitamwambia ya zamani ni muvi nzuri zaidi na ya mpya ina maji mazuri zaidi, ila jibu hilo halimsaidii mtu aliyeshika rimoti tayari, so ngoja twende nazo taratibu. Na nitataja nani anakufa, maana hizi muvi mbili huwezi kuzilinganisha bila kuhesabu maiti. Kama hutaki kujua, hapa ndo pa kushukia.

Tuanze na meli zenyewe, maana watu wengi wanaliruka hili na lina utamu wake. Ya 1972 ni meli kuukuu, iko kwenye safari yake ya mwisho, inatoka New York kwenda Athens halafu ikakatwe iwe vyuma chakavu. Ndani kuna mwakilishi wa wenye meli, anamsumbua kapteni aongeze mwendo wawahi, asisimame kujaza maji kwenye matangi ya chini. Hayo maji ndo yanaipa meli uzito wa chini ili ikiyumba irudi yenyewe. Kapteni anagoma mwanzoni, jamaa anatumia ubabe, kapteni ananywea. (Kapteni ni Leslie Nielsen, ndio huyohuyo mnayemjua kwa komedi, hapa hachekeshi hata kidogo na ukishamjua kwa yale mengine dakika za kwanza unapata shida kumsikiliza.) Kwahiyo kabla wimbi halijafika ushajua kuna mtu wa kulaumiwa na hela imehusika. Ya 2006 meli ni mpya, ya kifahari, inang'aa, hakuna aliyekosea kitu, wimbi linakuja tu na ndo basi. Unaweza kusema hiyo ndo hali halisi ya majanga, sawa, lakini kwenye muvi inakuachia shimo, huna wa kumkasirikia.

Kisayansi lakini, wimbi la 2006 linakubalika zaidi, na hapa nawapa haki yao. Ile ya 1972 inasema tetemeko chini ya bahari karibu na Crete limesukuma ukuta wa maji. Shida ni kwamba tsunami ikiwa kwenye maji ya kina inapita chini ya meli watu wakiwa wanakula bila kujua, inakimbia spidi ya ndege lakini kwa kimo huenda haifiki hata mita moja, inakuja kunyanyuka ikikaribia ufukweni ambako maji ni mafupi. Petersen na watu wake wakaachana na tetemeko wakachukua lile wimbi jitu linaloibuka lenyewe katikati ya bahari bila taarifa. Zamani hayo yalionekana ni porojo za mabaharia mpaka tarehe 1 Januari 1995, mwaka mpya kabisa angalia ilivyokaa, kifaa cha kupimia kwenye mtambo wa Draupner huko Bahari ya Kaskazini upande wa Norway kikarekodi wimbi la mita 25.6 wakati mawimbi ya jirani yake yalikuwa kama nusu ya hapo. Baada ya hapo hakuna aliyebisha tena. Ila sasa kwenye kupinduka kwenyewe ya 1972 inarudisha goli, maana ile habari ya matangi matupu inakueleza kwanini meli ililala ikashindwa kurudi, wakati ya 2006 inakutaka uamini tu kwamba dude jipya la ukubwa ule linageuzwa kama chapati. Na wala si ndoto tupu, baadhi ya sehemu za ile ya zamani zilipigwa picha ndani ya meli ya kweli, Queen Mary, iliyoegeshwa Long Beach huko Marekani, na hiyo Queen Mary yenyewe mwaka 1942 ikiwa imejaza wanajeshi wa Marekani ilipigwa na wimbi ubavuni ikalala kiasi kwamba kidogo tu iende jumla.

Mpinduko wenyewe sasa. Hapa ndo watu wanapagombania.

2006 walikuwa na bajeti ya dola milioni 160, na unaiona hela ilipoenda. Muvi inafunguka kwa shoti moja ndefu haikatiki, kamera inatoka chini ya maji, inazunguka meli nzima, inamfuata jamaa anayekimbia mazoezi deki kwa deki, na ile meli yote ni ya kompyuta. Wimbi linakuja kabla hata hujajua majina ya watu, meli inaviringika, watu wanapukutika, jikoni kunalipuka moto, maji ya bwawa la kuogelea yanamwagika na waogeleaji wake, ukiwa na spika nzuri hapo unaweza kusahau kupumua. Walichaguliwa kugombea Oscar ya effects na hawakuipata, lakini kutajwa walistahili.

1972 bajeti yote haikuzidi dola milioni 5, meli ya nje ni modeli ya kama futi 21 na leo jicho lako litaijua fasta, haina ujanja. Lakini ukumbini ni kitu kingine kabisa! Walijenga ukumbi wa kweli unaoinama, watu wa kweli wanateleza, meza zimefungwa sakafuni kwahiyo zikigeuka zinabaki zinaning'inia huko juu na watu wameng'ang'ania miguu ya meza. Kuna jamaa mmoja ameshikilia meza peke yake, kila mtu chini anamtazama, vidole vinaachia kimoja kimoja, anadondoka chali anatua kwenye kioo kikubwa cha taa ambacho sekunde chache nyuma kilikuwa ni dari. Ni anguko moja tu la mtu mmoja ambaye hata hatukumzoea. Petersen anaua mamia ndani ya dakika mbili na ukimaliza muvi hukumbuki hata mmoja wao, huyu mmoja wa 1972 hatoki kichwani. Mi nadhani ni kwasababu walimpa muda wa kuogopa.

Na hapo ndo tofauti kubwa ya hizi muvi ilipo, muda. Ya 1972 inakaribia kukukalisha nusu saa kabla ya wimbi. Unapelekwa kwa mzee Manny na mkewe Belle wanaoenda Israel kumwona mjukuu wao kwa mara ya kwanza, unapelekwa kwa Rogo askari wa New York na mkewe Linda ambaye zamani alikuwa akijiuza na anaogopa kuna mteja kamtambua, kuna Martin muuza nguo mseja anayehesabu vidonge vya vitamini, kuna dada na mdogo wake Robin, mtoto msumbufu anayejua habari zote za meli kwasababu kila siku yuko kwa mainjinia anauliza maswali. Unasinzia kidogo, nakubali. Ila wimbi likifika kila mmoja una sababu ya kumtaka aishi, na yule mtoto msumbufu ndo anakuja kuwaambia kwamba sehemu ya shafti ya propela chuma cha ubavu wa meli ni unene wa inchi moja tu, kwahiyo hata safari yote inaelekea wapi imetokana na umbea wake wa mwanzo. Halafu waigizaji: Gene Hackman, Ernest Borgnine, Shelley Winters, Jack Albertson, Red Buttons, hao watano wote walikuwa na Oscar nyumbani kabla muvi haijatoka, na Shelley alikuwa nazo mbili. Muvi ya watu kulowana!

2006 ina Kurt Russell, zimamoto wa zamani na aliyekuwa meya wa New York, binti yake (Emmy Rossum) ana mchumba anayefichwa fichwa, Josh Lucas ni mcheza kamari, Richard Dreyfuss ni mzee msanifu majengo ameachwa na mpenzi wake, kuna mama na mtoto, kuna Elena ambaye ni mzamiaji, kapandishwa melini kwa siri na mhudumu Valentin. Vitu vizuri kabisa hivyo kwenye karatasi. Dreyfuss ametoka nje kwenye deki anataka kujirusha baharini afe, anainua macho anaona wimbi, anageuka anakimbia ndani kuokoa roho yake! Wazo zuri kweli, mtu aliyetaka kufa anagundua hataki. Na muvi inafanya nini nalo? Karibu hamna. Wimbi limepiga, tukimbie.

Kwenye suala la nani anaongoza, ya 1972 imeweka mchungaji, Scott, ndo Hackman huyo. Si mchungaji wa upole, ni mkorofi, amepelekwa mbali na wakubwa zake kama adhabu na anahubiri kwamba Mungu hana muda na wanaolialia, inuka ujisaidie. Meli ikipinduka ofisa wa meli anawaambia abiria mkae hapahapa msaada utakuja, Scott anasema tupande. Wanainua mti wa Krismasi, dude la chuma refu, wanaufanya ngazi. Scott anambembeleza kasisi mzee John waende, mzee anakataa, anasema hawa majeruhi siwezi kuwaacha. Hakuna kati yao aliyeandikwa kama mjinga. Halafu mlipuko, maji yanaingia ukumbini, wale waliokuwa wanawacheka wapandaji wanauvamia mti wote kwa pamoja na mti unaanguka. Scott yuko juu anasikia zile kelele na hana la kufanya, anageuka anaondoka. Ukimwangalia usoni hapo hutajua kama yuko sawa au si sawa, na muvi haikuambii.

(Maisha ya kweli nayo hayatoi jibu rahisi. Mei 2013 boti ya kuvuta meli ilipinduka pwani ya Nigeria ikazama kama mita 30, mpishi wake akakaa kwenye kamfuko ka hewa humo ndani masaa yapata 60 mpaka wazamiaji wakamkuta hai. Kwahiyo kukaa nako kunaokoa, siku nyingine.)

2006 ubishi huo upo ila unamalizwa chapchap, kapteni anasema tukae, mcheza kamari anajiondokea kivyake kwasababu ndo tabia yake, wengine wanamfuata. Hakuna hoja, kuna mwendo tu. Kinachoniudhi hasa ni lifti. Wanavuka kwenye shimo la lifti, mzee Dreyfuss ananing'inia na Valentin mhudumu kamshika mguu, wote wawili watadondoka, Dylan (yule mcheza kamari) anamwambia mtikise adondoke. Anampiga teke. Mhudumu anaenda, lifti inashuka juu yake. Hebu fikiria: mtu mwenye hela aliyetaka kujiua kamtupa mfanyakazi ili aishi yeye, na muda si mrefu huyo mzee ndo anamfariji Elena, rafiki wa marehemu! Muvi nyingine ingekaa hapo ikatutoa jasho. Hii inapita kama haijaona kitu. Na kibaya zaidi ukiangalia wanaokufa njiani kwenye kile kikundi utakuta mhudumu na mzamiaji wamo, na mzee anatoka salama. Sidhani walikusudia ubaya, nadhani hawakufikiria kabisa, ambayo kwa muvi ya milioni 160 ni mbaya vilevile.

Ila nisiwe mchoyo. Sini ya bomba la hewa ya 2006 ni bora kuliko karibu sini yoyote ya hatari kwenye ile ya zamani. Wamejipanga kwenye kibomba chembamba, mabega yanagusa pande zote, maji yanapanda kutokea chini, na kule juu kuna wavu umefungwa kwa skrubu na hawana chombo. Kinachowatoa ni msalaba wa mkufu wa Elena, wanautumia kama bisibisi, skrubu moja baada ya nyingine, na aliye chini kabisa maji yameshamfika kidevuni. Petersen ndo aliyetengeneza Das Boot, muvi ya manowari ya 1981, na hapo unakumbuka kwanini, huyu mtu anajua kukufungia ndani ya chuma. Na sijui kama ni kwa makusudi, lakini muvi ya zamani ina mchungaji anayegombana na Mungu mwanzo mwisho na ya mpya msalaba umegeuka spana. Hizo muvi mbili ziko hapo zote.

Tuje kwa Belle. Kuna sehemu ya 1972 njia imejaa maji, lazima mtu aogelee chini na kamba, Scott anaenda, kamba inasimama. Belle, bibi mnene (Shelley Winters aliongeza uzito kwa ajili ya hii kazi) ambaye muda wote amekuwa akiomba msamaha kwa kuwachelewesha wenzake, anasema mimi nilikuwa bingwa wa kuogelea chini ya maji nikiwa binti, anajitosa. Anamkuta Scott kabanwa, anamtoa, wanaibuka upande wa pili, anafurahi kama mtoto, na moyo unasimama hapohapo. Anamwachia kidani cha mjukuu. Sasa hiyo sini ukiifananisha na kifo cha Kurt Russell cha 2006, naye anaogelea peke yake kwenda kugeuza mapanga ya propela ili wenzake wapite, anaondoka kimyakimya ili mkwe mtarajiwa asiende yeye, ni sini nzuri, Russell anaiuza kweli kwa uso tu bila maneno, chozi linaweza kutoka. Lakini kwa Belle tumejua tangu mwanzo wa muvi ana mjukuu hajawahi kumshika.

Halafu wale mliokulia kwenye imani ya steringi hafi, ya 1972 itawavunja. Scott anaruka, anashika gurudumu la valvu ya mvuke unaoziba njia, ananing'inia juu ya maji yanayowaka, analizungusha huku anamfokea Mungu, kwamba tumefika hapa bila msaada wako, unataka watu wangapi, kama unamtaka mmoja zaidi nichukue mimi. Analifunga. Anaachia. Na Rogo, ambaye dakika moja nyuma alikuwa anamwita muuaji kwasababu mkewe Linda katoka kudondoka na kufa, ndo anabaki kuongoza waliosalia. 2006 steringi anatoka mzima, anatoka na mama na mtoto, boya la kujaza upepo liko pale linawasubiri, helikopta zinakuja. Cha kuchekesha zote mbili wanatoka watu sita. Sita walewale kwa hesabu, na ya zamani unawaona wamepigwa butwaa, ya mpya unaona wamepona.

Madhaifu ya 1972 ili usije ukanilaumu: wanawake wamepewa kupiga mayowe na kubebwa, yule mwimbaji Nonnie ataukata uvumilivu wako, Scott anafoka kila baada ya dakika na Rogo anafoka kumjibu, mazungumzo mengine ni ya jukwaani kabisa. Kama huwezi kuvumilia muvi za miaka hiyo, usijilazimishe. Wimbo wao The Morning After ulichukua Oscar na utakaa kichwani hata kama huutaki. 2006 mwimbaji ni Fergie na huo wimbo sidhani kuna mtu anaukumbuka.

Kuchagua sasa. Kama umechoka, unataka kitu cha saa moja na nusu, skrini kubwa, sauti kubwa, hutaki kufikiri, 2006 bila aibu, wala usisikilize wanaoiponda. Kama unaangalia na mtu anayeogopa sehemu za kubana au maji, basi 2006 ndo usimwekee, itamtesa, maiti zinazoelea ni nyingi na hata kwenye ngazi za umri huko Marekani, muvi ya zamani ilipewa PG na ya mpya PG-13, ambayo ni ngazi kali zaidi. Kama mko wengi sebuleni na mnapenda kubishana, 1972, maana kila kituo kuna swali la ungefanya nini, ungekaa au ungepanda, ungemfuata huyu mchungaji au la. Na kama una wikendi nzima na unataka zote, anza na ya 2006. Watu wengi wanashauri uanze na ya kwanza, mi nakataa, ukianza na ya zamani ile mpya itakuwa kila sini unauliza Belle yuko wapi, utaikosea bure. Ukianza na mpya utafurahia maji yake, halafu ukienda 1972 ile meli ya modeli haitakusumbua kwasababu utakuwa umeshashikwa na watu.

Kuna nyingine mbili mtakutana nazo mkitafuta jina, msije mkajichanganya. Beyond the Poseidon Adventure ya 1979, Irwin Allen mwenyewe kakaa kwenye kiti cha dairekta, ina Michael Caine na Sally Field wanaingia kwenye meli ileile iliyopinduka kutafuta mali. Hiyo ipite. Na ile ya TV ya 2005 yenye jina lilelile la zamani, humo hakuna hata wimbi, ni magaidi na bomu, na inakaribia masaa matatu. Ukiona Rutger Hauer na Steve Guttenberg kwenye kava, umechukua siyo.